Binti, mpira na Uturuki: safari ya Opa Clement inamwambia nini mzazi wa Kishapu?

Jioni moja, tukiwa hewani kwenye kipindi cha michezo, simu iliingia kutoka kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Kishapu. Tulikuwa tunazungumzia Twiga Stars. Nilimwamkia mpigaji, akaitikia marahaba, kisha akasema ana swali moja tu, ila ni zito.

Ana binti wa kidato cha pili. Binti anacheza mpira, tena anaucheza vizuri hadi wavulana wa kijijini wanagombania kuwa naye timu moja. Siku za karibuni amekuja mtu kutoka mjini, amevaa fulana ya klabu kubwa, akasema anaweza kumpeleka binti huyo Uturuki. "Si mmemsikia Opa Clement?" alimwambia mzee. "Huyu wako ni kama yule." Anachohitaji ni shilingi milioni mbili za pasipoti, viza na majaribio. Kuhusu umri mzee asiwe na hofu, karatasi zitaandikwa kuwa binti ana miaka 19.

Mzee akaendelea. Upande wa pili kuna familia imeshaulizia mahari. "Ng'ombe wa mahari nawaona kwa macho, mwanangu. Wa Uturuki siwaoni. Sasa nishike lipi?"

Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha. Nilimwomba mzee asitoe hata shilingi moja, asimwahidi mtu yeyote binti yake, na anipe siku chache. Makala haya ni jibu lake. Nimeyaandika kwa kuwa najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Opa Clement ni nani?

Opa Clement ni mshambuliaji wa timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars. Alizaliwa mwaka 2001. Watanzania wengi walianza kumfahamu akiwa Simba Queens, timu iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake mara tatu mfululizo, mwaka 2020, 2021 na 2022.

Mwaka 2022 ndio uliowafungulia wengi milango. Mwezi Agosti Simba Queens walichukua ubingwa wa klabu za kanda ya CECAFA jijini Dar es Salaam, baada ya kuifunga She Corporate ya Uganda kwenye fainali. Ubingwa huo uliwapeleka Moroko kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake. Kule waliingia nusu fainali, wakatolewa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini kwa bao moja kwa sifuri, na wakamaliza nafasi ya nne. Hakuna klabu ya Afrika Mashariki iliyokuwa imefika hatua hiyo.

Mashindano kama yale ni gulio. Pale uwanjani hawakai mashabiki peke yao. Wapo watu wenye madaftari na kamera, wanaotafuta wachezaji kwa ajili ya klabu za nje. Ukicheza vizuri mbele yao, huna haja ya kumtafuta mtu akupeleke Ulaya. Wao ndio watakaoanza kukutafuta.

Opa alikwenda Uturuki, kwanza mji wa Kayseri, kisha Beşiktaş ya jijini Istanbul mwaka 2023. Kayseri uko bara, katikati ya nchi, mahali ambapo theluji huanguka wakati wa baridi. Beşiktaş ni klabu yenye jina kubwa, na jezi zake nyeusi na nyeupe zinajulikana hata huku kwetu. Baada ya Uturuki alicheza China, kisha Mexico. Kwa mchezaji aliyeanzia kwenye viwanja vyetu hivi, hiyo ni safari ndefu.

Mwezi Julai 2025 alirudi kutuonyesha alichokipata huko. Twiga Stars walikuwa Moroko kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake. Ilikuwa mara yetu ya pili tu kushiriki. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2010 kule Afrika Kusini, ambako tulifungwa mechi zote tatu. Safari hii tulianza kwa kufungwa na Mali bao 1-0. Mechi ya pili tulikutana na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, na Opa akafunga kwa penalti. Mechi ikaisha 1-1. Ile ndiyo pointi ya kwanza Tanzania kuipata katika historia ya mashindano hayo.

Mechi ya tatu tulifungwa na Ghana 4-1, na bao letu likafungwa na Diana Lucas Msewa. Naye amecheza Uturuki. Kwa maneno mengine, mabao yetu mawili ya mashindano yale yalifungwa na mabinti waliopitia ligi ya Uturuki. Kwa hiyo mzee wangu hakukosea kuamini kwamba njia ya Uturuki ipo. Suala ni nani anaipita, na anaipita akiwa na nini mkononi.

Kwa nini Uturuki?

Msikilizaji wa soka la wanaume anaijua Uturuki zamani. Mbwana Samatta alichezea Fenerbahçe msimu wa 2020/21. Novatus Dismas alikwenda Göztepe mwaka 2024. Kwa wanawake, njia hiyo ilifunguka hivi karibuni zaidi.

Tusidhani Waturuki walizaliwa wakishangilia mpira wa wanawake. Ligi yao ya wanawake ilianza mwaka 1994, ikasimama mwaka 2003, ikarudi mwaka 2006. Timu yao ya taifa ya wanawake haijawahi kufika Kombe la Dunia wala fainali za Ulaya. Kule nako wapo wazazi waliowaambia mabinti zao kuwa mpira ni wa kaka zao.

Mambo yalibadilika zaidi mwaka 2021. Ligi ya juu ilipangwa upya, na klabu kubwa kama Galatasaray na Fenerbahçe zikaunda timu za wanawake. Beşiktaş walikuwa nayo tayari. Klabu yenye jina kubwa ikiingia kwenye ligi haitaki kufungwa, na wachezaji wa kutosha wa nyumbani hawakuwepo. Ikabidi watafute nje, nchi kwa nchi, ikiwemo Afrika.

Sababu nyingine ni masharti. Uingereza, kwa mfano, huhesabu pointi kabla ya kumpa mchezaji wa kigeni kibali cha kazi. Huangalia nafasi ya timu yake ya taifa duniani na ubora wa ligi anayotoka. Mchezaji anayetoka moja kwa moja kwenye ligi yetu hupata shida kufikisha pointi hizo. Aisha Masaka, ambaye mwaka 2024 alisajiliwa na Brighton ya Ligi Kuu ya Uingereza, hakwenda kule kutokea Yanga Princess. Alipita kwanza Sweden, kwenye klabu ya BK Häcken, na akacheza Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Clara Luvanga naye alitoka Yanga Princess, akapita Hispania, na sasa ni mfungaji anayeogopwa nchini Saudi Arabia, ambako ametwaa ubingwa wa ligi na Al Nassr.

Umeona mpangilio? Hakuna hata mmoja aliyeruka kutoka kijijini hadi Ulaya. Kila mmoja alipita klabu ya Ligi Kuu ya hapa nyumbani, akaonekana, ndipo akapanda ngazi inayofuata.

Uturuki kwa wengi si mwisho wa safari. Ni daraja. Opa alikaa, akacheza, akaondoka kwenda kwingine. Mzazi anayefikiri binti akifika Istanbul basi umaskini umekwisha, anaiangalia safari hii kwa jicho moja.

Fedha ni kiasi gani?

Wengi wanataka kujua hapa. Mikataba ya wachezaji ni siri yao na klabu zao, na sitakisia mshahara wa mtu. Lakini FIFA imewahi kutoa picha ya jumla. Katika utafiti wake wa klabu za wanawake duniani, wastani wa mshahara wa mchezaji ulikuwa karibu dola 11,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, unapata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Na wastani huo umevutwa juu na klabu chache tajiri. Wengi wako chini yake.

Kwa mtu wa Kishapu hizo bado ni fedha nyingi. Mkulima wa pamba atauliza, nani hapa anapata hizo kila mwezi? Ni kweli. Lakini kumbuka kwamba mikataba mingi ya wanawake ni ya msimu mmoja au miwili. Kumbuka goti. Mchezaji akichanika mishipa ya goti, anaweza kukaa nje karibu mwaka mzima. Na kumbuka kwamba kazi yenyewe huisha mtu akiwa na miaka thelathini na kitu, umri ambao mwalimu au muuguzi ndio kwanza anakomaa kazini.

Ndiyo maana nasema binti anayecheza mpira anahitaji cheti cha shule kuliko hata yule asiyecheza. Mkataba utaandikwa kwa lugha ya kigeni. Asiyeweza kuusoma atategemea mtu mwingine amsomee, na mtu huyo huenda ndiye anayemla.

Lipo jambo jingine la fedha ambalo halisemwi sana. Nalo linahusu sisi tunaobaki nyumbani. Mchezaji wa kiume akiuzwa, klabu zilizomlea hupata fungu lake. Kwa wanawake, kanuni za FIFA kwa muda mrefu hazikuweka fidia ya malezi, na wengi wao huhama mikataba ikiwa imekwisha, bila ada yoyote. Kwa hiyo mwalimu wa michezo aliyemfundisha binti kupiga krosi kwenye uwanja wa vumbi, na timu ya wilaya iliyomnunulia viatu, hubaki mikono mitupu. Halafu tunashangaa kwa nini timu za mabinti vijijini zinakufa.

Sheria inasemaje kuhusu binti wa kidato cha pili?

Hapa ndipo jibu la mzee lilipo, na nitalisema taratibu.

Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mpira. Iko misamaha michache, kwa mfano wazazi wenyewe wakihamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusu mpira, au wanaoishi jirani kabisa na mpaka, au vijana wa miaka 16 na zaidi wanaohama ndani ya nchi za Umoja wa Ulaya. Binti wa Kishapu anayekwenda Uturuki haingii kwenye hata mmoja.

Kwa hiyo mtu anayekuambia atampeleka binti wa kidato cha pili kucheza Uturuki sasa hivi, anakuambia kitu kisichowezekana kihalali. Ndiyo maana anataka kumwandikia miaka 19. Kughushi umri ni kosa la jinai. Na atakayeumia wa kwanza ni binti mwenyewe, kwa sababu uongo huo ukigundulika baadaye anaweza kufungiwa kucheza wakati ndio umri wake wa kung'ara umefika.

Nikamwuliza mzee, huyo mtu amekuonyesha leseni? Hakuonyesha. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha utaratibu wa mawakala kufanya mtihani na kupewa leseni. Majina yao yanatafutika kwenye tovuti ya FIFA, na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, linaweza kuulizwa. Anayetaka kumsimamia mtoto lazima awe na sifa ya ziada, na lazima apate idhini ya mzazi kwa maandishi. Tena wakala wa kweli hulipwa kutokana na mkataba uliosainiwa. Hakuanzi kwa kukuuzia wewe ng'ombe zako.

Turudi kwenye milioni mbili zake. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania ada yake ni shilingi 150,000, na inalipwa serikalini, haipiti mfukoni mwa mtu. Klabu inayomtaka mchezaji humtumia barua ya mwaliko, na kwa kawaida hulipia tiketi na viza. Hati ya uhamisho wa kimataifa hushughulikiwa kati ya TFF na shirikisho la nchi ile kupitia mfumo wa kompyuta wa FIFA. Mzazi hatumwi kupeleka fedha.

Na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Binti anayesafirishwa kwa umri wa uongo, na mtu asiyejulikana, kwenda nchi ambayo hana ndugu, anaweza asiuone uwanja kabisa. Anaweza kujikuta ndani ya nyumba ya mtu akifanya kazi bila mshahara, au mahali pabaya kuliko hapo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu kwa sababu mambo haya yapo. Ukiwa na mashaka, kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Pia kuna namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Na wale ng'ombe wa mahari?

Mzee alisema anawaona. Nami nawaona, nimezaliwa huku. Najua maana ya ng'ombe kuingia zizini siku moja, hasa mwaka ambao mvua imekataa na pamba imeshuka bei.

Lakini Shinyanga imetajwa kwa miaka mingi kama mkoa ulio mbele kwa ndoa za utotoni nchini. Takwimu za kitaifa za mwaka 2010 zilionyesha kuwa karibu wanawake 6 kati ya 10 wa mkoa wetu waliolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Hiyo si sifa ya kujivunia kwenye ngoma.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Na kwa mwanafunzi mambo ni makali zaidi. Tangu mwaka 2016, Sheria ya Elimu inasema anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30.

Kwa hiyo mzee anaposema ashike lipi kati ya mawili, ukweli ni kwamba yote mawili ni moto. Moja linamtoa binti shule kwa uongo wa Uturuki. Jingine linamtoa shule kwa ng'ombe. Yote yanafanyika kabla binti hajaulizwa yeye anataka nini.

Nilimwuliza mzee kama ameshamuuliza. Alinyamaza kidogo. "Bado," akasema.

Njia ya tatu ipo, ila ni ndefu

Njia waliyopita akina Opa inajulikana, na inaanzia karibu na nyumbani.

Inaanzia shuleni. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari ndipo mabinti wengi huonekana mara ya kwanza. Binti wa kata akichaguliwa timu ya wilaya, kisha mkoa, anafika kwenye mashindano ya taifa mbele ya makocha wa nchi nzima. Haigharimu milioni mbili. Inagharimu ruhusa ya mzazi na viatu.

Hatua ya pili ni shule au kituo kinacholea vipaji bila kuacha masomo. Kanda ya Ziwa tunayo Alliance ya Mwanza, ambayo timu yake ya Alliance Girls imecheza Ligi Kuu ya Wanawake. Kutoka Kishapu hadi Mwanza ni safari ya basi ya siku moja, kwenda na kurudi. Mzazi anaweza kwenda mwenyewe, akaona bweni, akaongea na mwalimu, akauliza ada.

Hatua ya tatu ni timu za taifa za vijana. Mwaka 2022 Serengeti Girls, mabinti wetu walio chini ya miaka 17, walikwenda Kombe la Dunia nchini India. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Kumbe binti mwenye miaka 16 anaweza kusafiri hadi India kihalali kabisa, akiwa na bendera ya taifa kifuani, daktari wa timu pembeni, na shirikisho likijua alipo kila saa.

Kisha ndiyo Ligi Kuu, Simba Queens, JKT Queens, Yanga Princess na wengine. Ndipo majaribio ya nje, akiwa amefikisha miaka 18 na anajua kusoma anachosaini.

Opa alipocheza Beşiktaş alikuwa na miaka 22. Alikuwa bingwa wa Tanzania, bingwa wa CECAFA, na mchezaji wa timu ya taifa. Yule mtu mwenye fulana anapomlinganisha na mtoto wa miaka 15, anaficha miaka saba ya kazi katikati.

Sisi wenyewe tumefanya nini?

Nisimlaumu mzee peke yake. Wilaya hii ina Mwadui, yenye mgodi wa almasi unaojulikana dunia nzima, na yenye uwanja ambao Mwadui FC waliutumia kucheza Ligi Kuu ya wanaume dhidi ya Simba na Yanga. Jirani zetu wa Geita wana Geita Gold, ambao nao wamecheza ligi hiyo. Huku kwetu fedha ya madini na mpira wa wanaume vimekaa meza moja kwa miaka mingi. Ukiuliza mabinti wa Maganzo, Mhunze au Ukenyenge wanacheza ligi gani ya wilaya mwaka mzima, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Na sisi wa redio tumo. Nimekaa studio nikisoma matokeo ya wanaume kwa dakika kumi, kisha ya wanawake kwa sekunde ishirini, nikikimbilia matangazo. Siku Opa anafunga penalti ile dhidi ya Afrika Kusini, tuliitaja taarifa ya habari ya asubuhi na kuendelea na usajili wa Simba na Yanga. Mzazi atajuaje njia ya halali kama sisi hatuisemi? Anayekuja kumwambia ni yule mwenye fulana.

Halmashauri zinakusanya mapato, migodi ina fungu la kurudisha kwa jamii. Mipira kumi, jezi, na posho ya mwalimu mmoja wa kike wa kufundisha mpira kila tarafa si mzigo wa kushinda kujenga darasa. Na binti anayejua kwamba Jumamosi ana mechi ana sababu moja zaidi ya kubaki shule.

Akifika huko, haki zake ni zipi?

Kwa wale ambao binti zao wameshafikisha umri na wanapata ofa za kweli, mambo machache ya kushika.

Mshahara usipolipwa miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia klabu barua ya kuipa siku 15. Wasipolipa, ana haki ya kuvunja mkataba na kwenda kudai FIFA. Awe na nakala ya mkataba nyumbani, na mzazi abaki na picha yake kwenye simu.

Kuhusu uzazi, wengi bado wanaamini binti akicheza mpira ndiyo amekataa kuwa mama. Tangu Januari 2021, kanuni za FIFA zinampa mchezaji mwenye mkataba likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili ya mshahara. Klabu hairuhusiwi kumfukuza kwa sababu ya ujauzito. Ni haki ambayo akina mama wengi wanaofanya kazi mashambani na madukani huku kwetu hawana.

Na kabla ya kusaini chochote, maswali matano. Klabu inaitwaje, na TFF inaitambua? Wakala ana leseni? Nani analipa tiketi ya kwenda na ya kurudi? Akiumia nani anamtibu? Na kama mambo yakiharibika, nani wa kumpigia simu kule, ubalozi wetu ukiwemo? Mtu akikasirika kwa kuulizwa maswali hayo, mshukuru kwa muda wake na umsindikize hadi barabarani.

Mzee alisemaje?

Nilimpigia tena baada ya siku nne, nikamweleza haya yote bila haraka. Alisikiliza. Akasema yule mtu alirudi, akaulizwa leseni, akasema ameisahau Mwanza. Hajaonekana tena. Fedha hazikutoka.

Kuhusu mahari, aliniambia amewajibu wale wageni kwamba binti bado anasoma. Hakuniahidi zaidi ya hapo, nami sikumlazimisha. Ng'ombe hawajaacha kuwa na maana kwake kwa sababu ya simu yangu.

Ila alisema amemuuliza binti. "Anataka nini?" nikamwuliza.

"Viatu," akasema mzee, akacheka. "Anasema vya kaka yake vinambana. Na anataka nimruhusu kwenda kambi ya UMISSETA."

Nikamwambia kwa viatu na kambi, mzee, huhitaji wakala.